Mtumbwi wa Apolinari Usifudikizwe

Karakana ya Matrekta,
Kidatu.
10 Novemba 1996

Bibi Klementina, Idete.

Shikamoo Bibi. Mjukuu wako nilifika salama siku ile ile, isipokuwa gari lilituharibikia Kiberege tukakaa pale saa tatu nzima tukitafuna mahindi ya kuchoma. Margareta hajambo, anakusalimu wewe mke mwenzake, na anasema ule unga wa mchele umeshakwisha. Kiwandani msimu wa kusaga miwa umepamba moto, nashinda chini ya matrekta mpaka shingo inakakamaa.

Bibi, kilichonifanya nishike kalamu kabla hata sijafua nguo za safari ni ule mtumbwi wa baba. Nilipokuwa hapo sikutaka kusema mbele ya Mzee Fridolin, maana ni jirani, lakini niliona aibu. Umejaa maji ya mvua mpaka nusu. Vyura wanaimba ndani. Nilibonyeza kidole kule nyuma nikakuta mti umeanza kuwa laini kama muhogo uliolowekwa. Gogo lile la mvule babu alilichonga miezi mitatu, na baba alilivulia samaki mpaka siku aliyoondoka kwenda machimboni. Huu ni mwaka wa saba. Akirudi kesho ataingia mtoni na nini? Hana kazi nyingine anayoijua hapo nyumbani.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kwanza maji yote yatolewe na ndani pakaushwe na kitambaa. Pili, uwekwe juu ya magogo, mbele painuke kidogo kuliko nyuma, ili maji yakiingia yakimbilie upande mmoja. Tatu, Mzee Fridolin achukue keekee atoboe tundu la kupita kidole kule nyuma, chini kabisa. Mvua ikinyesha maji yatajitokea yenyewe. Siku ya kwenda mtoni mnaziba kwa kizibo cha mti, kazi imekwisha.

Je, kuna habari yoyote ya baba? Hata ya kusikia njiani?

Ni mimi,
Evod


Idete, 1 Desemba 1996

Mume wangu Evod,

Marahaba. Barua yako nimeipata leo baada ya misa. Ilikaa kwa katekista wiki mbili, aliiweka ndani ya kitabu cha nyimbo akaisahau. Mimi sijambo, ila goti linanipa taarifa ya mvua kabla ya mawingu. Mpunga tumeshasia. Huyo mke mwenzangu mwambie unga wa mchele hauliwi kama karanga, ajifunze kuubakiza.

Haya, mtumbwi. Maji nimeyateka kwa mkono wangu, ndoo kumi na nne. Nimekuhesabia ili ujue kwamba mkeo bado ana nguvu. Vyura nimewahamisha. Fridolin ameweka magogo na mbele pameinuka kama ulivyotaka. Usije ukaniambia tuulaze ubavu, mwaka juzi tuliulaza mchwa wakala ukingo wa chini, kovu lake umeliona.

Lakini tundu sitoboi. Wewe umezoea vyuma, chuma ukikosea unaweka nati. Mtumbwi wa mtu hautobolewi mwenyewe akiwa safarini. Akirudi Apolinari akakuta tundu nitamwambia nini, kwamba mwanawe fundi alikuwa na keekee haina kazi?

Nimeufunika kwa nyasi, safu nene. Zinatosha.

Habari za baba yako hakuna. Barua yake ya mwisho ni ile ile ya mwaka tisini na mbili, ninayo kwenye kopo la maziwa. Nikipata nyingine hutaihitaji barua, utanisikia nikipiga vigelegele mpaka huko Kidatu.

Mkeo wa kwanza,
Klementina


Kidatu, 12 Januari 1997

Shikamoo Bibi. Heri ya mwaka mpya. Sisi tumeupokea vizuri, na Margareta ana habari ambayo sitaiandika mpaka tumbo lionekane, ila wewe ni mtu mzima umeshaelewa.

Bibi, nyasi hazifai. Nyasi zinakunywa maji na kuyashika, zinaoza, na mti ulio chini yake unaoza nao. Ni sawa na kumvisha mtu shati bichi.

Nimefikiri sana nikiwa kazini nikajiona mjinga. Tunahangaika na magogo na nyasi wakati dawa ni ndogo. Muite watu wanne wenye nguvu, muufudikize. Mtumbwi ukilala kifudifudi juu ya magogo mawili hauwezi kujaa maji hata mvua inyeshe mwezi mzima. Ni kazi ya nusu saa. Ili mambo yaende haraka nimemwandikia Mzee Fridolin kikaratasi chake, anacho Bibiana, yule mama wa kijiji cha Mbingu anayenunua mpunga, pamoja na barua hii.

Vipi, baba hajaandika?

Evod


Idete, Jumapili ya Pasaka
30 Machi 1997

Evod,

Sikukuandikia miezi miwili na leo nitakueleza kwa nini.

Bibiana alipotoka Mbingu alianzia kwa Fridolin kwa sababu ndiye wa njiani. Mimi nilikuwa nachambua mboga. Nikamwona Fridolin anaingia uani na wanaume watano, kofia mkononi. Nikamuuliza, "Fridolin, kuna nini?" Akasema, "Mama Apolinari, pole sana. Tumeletewa kikaratasi na Evod. Anasema mtumbwi wa baba yake ufudikizwe."

Nilikaa chini pale pale kwenye tope.

Kabla sijafungua mdomo wanawake wa jirani walikuwa wameshaanza kulia. Mmoja amekuja na kuni kichwani, mwingine na mchele. Fridolin ameshashika mtumbwi upande wa mbele. Ndipo Bibiana akafika, anatembea taratibu na begi lake, akanipa barua yako. Niliisoma mara tatu nikitafuta kifo ndani yake. Nikakuta nyasi zinaoza.

Niliwafukuza wote. Kuni walichukua. Mchele, yule aliyeuleta aliukataa, akasema mchele wa msiba haurudi nyumbani ulikotoka, nikawamwagia kuku.

Sasa sikiliza, maana naona hukufundishwa, na kosa ni letu tuliokupeleka Kiberege kwa mjomba wako ukiwa mdogo. Watu wengine wa mto huu wanageuza mitumbwi yao watakavyo. Ukoo wa babu yako hapana. Mtumbwi wao unafudikizwa siku moja tu, siku ya kumlilia mwenyewe. Unakaa hivyo siku arobaini, halafu mrithi anauinua kwa mkono wake, unakuwa wake. Wa babu yako ulifudikizwa, ukainuliwa na baba yako, na ndio huu huu. Ulikuwa na miaka sita. Ulipanda juu yake ukaupiga kama ngoma, nikakuchapa. Nilidhani kiboko kile kilikuelewesha.

Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kama unavyojibu padri. Ulisikia kitu huko, au hukusikia? Sikuandika siku zote hizi kwa sababu nilikuwa naogopa jibu.

Klementina


Kidatu, 13 Aprili 1997

Bibi, shikamoo. Nisamehe.

Sikusikia kitu. Sikujua. Kiboko nakikumbuka, sababu yake ndiyo sikuwahi kuambiwa, nilidhani ni kwa ajili ya kelele. Kama ningejua ningekata mkono wangu kabla ya kuandika kikaratasi kile. Mzee Fridolin nimemwandikia barua ya kuomba radhi na wale watano pia nimewataja.

Mtumbwi usifudikizwe. Ukae wima kama mwenyewe alivyouacha.

Ila basi tuufunike kisawasawa. Bibiana anakuletea viroba ishirini vya sukari, vitupu, nimevifua. Vipasue uvishone pamoja kwa kamba ya katani viwe kitambaa kimoja kirefu kuliko mtumbwi. Kisha weka mti mmoja mrefu katikati, kutoka mbele mpaka nyuma, juu ya mtumbwi, kama mti wa juu wa paa la nyumba. Kitambaa kipite juu ya mti huo kishuke huku na huku. Mti huo Bibi ndio wa muhimu, usiuache. Kitambaa kikilala bapa, maji yatakusanyika juu yake.

Naomba unijibu mapema, hata mistari miwili. Miezi miwili ile sikuipenda.

Evod wako


Idete, 6 Julai 1997

Mume wangu Evod,

Marahaba, na radhi umepata. Tumemaliza kuvuna. Mpunga si mbaya, kwelea kwelea wamechukua fungu lao. Bibiana kasema tumbo la Margareta limeshakuwa la kuonekana, kwa hiyo hiyo habari unaweza kuiandika sasa.

Viroba nilivishona wiki nzima, vidole vikavimba. Huo mti wako wa katikati sikuuweka. Niliona ni mbwembwe za fundi. Nilikaza kitambaa pande zote mpaka kikawa kama ngozi ya ngoma, nikajisifu. Mvua za mwisho zikaja, kitambaa kikalegea katikati, kikawa bwawa. Bata wa Fridolin walipanda wakaogelea juu ya mtumbwi wa baba yako, na watu wakaitana kuja kuangalia. Siku ya nne kilipasuka na maji yote yakaingia kwa mkupuo pamoja na bata mmoja.

Cheka, umeshinda. Nimeweka mti. Nimeongeza na fito nilizozipinda, tano, zinashika mbavu za kitambaa kisilegee. Tumemwagia maji juu ndoo tatu kujaribu, yameshuka yote, hata tone halikubaki. Sasa wapita njia wanasema mtumbwi wa Klementina umeezekwa vizuri kuliko nyumba yake. Ni kweli, chumbani kwangu panavuja juu ya kitanda, nimekisogeza.

Kule nyuma kulikokuwa laini Fridolin amekwangua kwa kisu. Anasema ni juu juu tu, ndani mvule ni mzima.

Habari za baba yako hakuna.

Mkeo,
Klementina


Kidatu, 19 Oktoba 1997

Shikamoo Bibi. Una mjukuu mwingine, yaani kitukuu, alizaliwa tarehe 23 Agosti, wa kike. Tumempa jina lako. Analia kwa sauti ambayo Margareta anasema ameitoa Idete moja kwa moja. Kwa hiyo sasa nina wake watatu, na wote wananisema.

Kuna jambo jingine. Karakana imeajiri dereva mpya wa trekta la kuvuta miwa, jina lake Abdulkarim. Kabla ya hapa alikuwa machimboni huko kaskazini, na mdogo wake bado yuko kule, anazunguka kambi zote akiuza vifaa. Nilimtajia jina la baba, urefu wake, na lile pengo la jino. Hamjui, lakini amekubali kumwandikia mdogo wake aulize. Mimi nimefurahi Bibi. Miaka yote hii sijapata mtu wa kuulizia.

Redio inasema mwaka huu kuna mvua za Elinino, kubwa kuliko za kawaida. Viroba havitahimili. Nimepata turubai la lori, kuukuu lakini zito, matundu nimeyaziba mwenyewe kwa viraka vya mpira. Bibiana ameapa hatabeba tena kitu kizito hivi. Kaza kamba chini, si juu, upepo usije ukalifunua. Na uache nafasi ya hewa mbele na nyuma, mti upumue.

Baba je? Na wewe ukisikia chochote, niandikie siku hiyo hiyo.

Evod


Idete, 18 Januari 1998

Mume wangu Evod,

Marahaba, na mwenzangu mdogo mbusu shavuni. Mwambie jina hilo lina kazi nyingi.

Elinino imekuja kama redio ilivyosema. Tangu Novemba hatujaona jua siku mbili mfululizo. Bonde lote ni maji. Watu waliokuwa wamehamia mashambani walikwama juu ya madungu yao ya kulindia mpunga wakiwa na watoto na kuku. Fridolin alikuja akasimama mlangoni. Nilijua anataka nini. Mtumbwi wake ulishachukuliwa na maji.

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia, "Unaazima kwa Apolinari, huazimi kwangu. Akirudi utamweleza mwenyewe." Akasema, "Nitamweleza." Nikafungua kamba. Walivusha watu thelathini na mmoja kwa siku tatu, na mbuzi. Haukuvuja hata kidogo. Nilisimama ukingoni nikautazama unavyokwenda, nikasikia furaha ambayo siwezi kuieleza. Mtumbwi unaofanya kazi ni wa mtu aliye hai, si ndivyo?

Waliurudisha siku ya nne. Nimeupangusa ndani kwa khanga yangu kuukuu, nimeurudisha juu ya magogo, mti, fito, turubai. Kila asubuhi baada ya mvua naingiza mkono chini ya turubai napapasa. Mkavu.

Yule Abdulkarim amejibiwa?

Klementina


Kidatu, 1 Machi 1998

Bibi, shikamoo. Sisi wazima. Mtoto ameota meno mawili ya chini.

Kuhusu turubai. Naomba uangalie viraka vyote, hasa vile viwili vya upande wa nyuma, gundi inaweza kuachia kwa unyevu. Kama kimoja kimeachia, usikivute, weka kiroba chini yake ukishone. Angalia pia mti wa katikati kama haujapinda kwa uzito. Ukiwa umepinda badilisha, tumia mti wa duara usio na vifundo ili usikwaruze turubai. Kamba nazo zilegeze kidogo mchana na uzikaze jioni, kwa sababu zikilowa zinajikaza zenyewe zinaweza kuchana pembe. Magogo ya chini yageuzwe kila mwezi, upande uliogusa udongo uwe juu. Majivu yamwagwe kuzunguka magogo kwa ajili ya mchwa. Maji yakisogea uani, ongeza gogo jingine juu ya lile la kwanza, usingoje yafike.

Barabara bado mbaya. Kazini ni kawaida.

Evod


Idete, 29 Machi 1998

Mume wangu Evod,

Marahaba. Meno mawili ni mazuri.

Viraka vimeshika. Mti haujapinda. Kamba nalegeza na kukaza. Magogo nimegeuza na majivu nimemwaga. Umeuliza mambo mengi juu ya turubai na yote nimekujibu.

Nimezipanga barua zako zote kitandani, tangu ile ya kwanza. Kila barua unauliza habari za baba yako. Hata ile ya kuomba radhi ilikuwa habari zake tupu. Hii haikuuliza. Na Abdulkarim, niliyekuulizia mimi, hayumo.

Sikuulizi tena. Nasema tu kwamba haikuuliza.

Mtumbwi ni mkavu.

Klementina


Kidatu, 19 Aprili 1998

Bibi yangu, shikamoo.

Mwambie Mzee Fridolin aje na wale watu wake watano. Mtumbwi wa baba ufudikizwe. Safari hii najua maana ya ninachoandika.

Jibu la Abdulkarim lilikuja Februari. Ni homa, mwaka tisini na nne, mwezi wa Septemba. Alikuwa na wenzake wawili kutoka Mlimba, walimuuguza na walimzika vizuri, kuna msalaba wa chuma na jina lake limechomelewa. Mdogo wake Abdulkarim amefika pale, ameuona. Wenzake nao walishahama, ndiyo maana habari haikutufikia.

Nilianza kukuandikia mara tatu. Kila nikifika kwenye jina la baba mkono unaandika turubai. Nilijiambia kwamba habari kama hii haiendi kwa barua, nitakuja mwenyewe, halafu nikajiambia barabara imekatika. Imekatika kweli. Lakini Bibiana anapita kwa miguu, na mimi ni kijana kuliko Bibiana. Niliogopa Bibi. Nilikuwa nakuona unaingiza mkono chini ya turubai kila asubuhi, na nikaona nikikaa kimya atakaa hai kwako mwezi mmoja zaidi. Sikujua kama ni kukuhurumia au ni kukudanganya. Sasa naona vilikuwa vyote viwili.

Nimelia peke yangu vya kutosha. Nisamehe tena.

Mjukuu wako,
Evod


Idete, 17 Mei 1998

Mjukuu wangu Evod,

Bibiana alinipa barua yako Jumanne, tarehe kumi na mbili. Nilisoma mstari wa kwanza nikaikunja, sikusoma mingine mpaka jioni. Nilitoka nje nikaanza kufungua kamba. Nilizifungua mwenyewe, zote kumi na mbili, na vifundo vile nilivifunga mimi kwa hiyo vilinijua. Nikakunja turubai. Nikatoa fito. Nikatoa mti wa katikati nikauegemeza ukutani. Ndipo nikatuma mtu kwa Fridolin.

Alikuja na wale wale watano. Alisimama mbali, akasema, "Mama Apolinari, una hakika? Mara ile ulitufukuza." Nikamwambia, "Mara ile mlikuja wenyewe. Leo nimewaita mimi."

Wakaushika, watatu huku na watatu huku. Nilisogea karibu kwa sababu nilitaka kuona. Evod, tangu Novemba hakuna chungu, hakuna ndoo, hakuna paa katika kijiji hiki ambalo halikuingiwa na maji. Wakauinua, wakauinamisha, wakaulaza. Halikudondoka tone. Lilianguka jani moja kavu na vumbi kidogo. Fridolin alipitisha kiganja chini akakitazama, akanionyesha. Hapo ndipo nililia, si kabla, na nililia mpaka kina mama wakanishika. Nilikuwa nimemtunzia vizuri, na hatauona.

Usiniombe radhi. Mama anajua. Mwanangu asingekaa miaka sita bila kuandika, alikuwa mvivu wa mengine yote lakini si wa hilo. Nilijua, ila kujua na kufudikiza ni kazi mbili tofauti, na hii ya pili nilikuwa nangoja mtu wa kuniagiza. Ungechelewa zaidi ningekulaumu. Miezi hiyo miwili nimekusamehe.

Misa imeshasomwa. Mchele wa wageni ulitosha, na yule mama aliyekataa kuchukua wake mwaka jana alileta mwingine, akasema huu usiwape kuku. Hata mimi nilicheka.

Turubai limepanda juu ya nyumba. Fridolin amelitandaza pale juu ya kitanda changu, na mti wako wa katikati chini yake. Alhamisi ilinyesha sana, sikusogeza kitanda.

Siku arobaini zinaishia Jumapili tarehe 21 Juni. Uje. Hata kama barabara imekatika utapita anapopita Bibiana, na mwenzangu mdogo umbebe mgongoni. Kazi hii haifanywi kwa barua. Utauinua kwa mkono wako mwenyewe na utakuwa wako, mbele ya watu wote. Ukishakuwa wako, njoo na keekee. Toboa lile tundu lako unapotaka, sitasema neno.

Mkeo wa kwanza,
Klementina